Kiti cha Sekenke Kilivyonimeza Mbele ya Wakwe

Leo nimevuliwa nguo nikiwa nimevaa.

Nawaandikia nyinyi wenzangu wa Itigi, tuliobeba magunia pamoja pale stesheni, kwa sababu najua habari itawafikia. Madereva wa malori wameshaibeba. Kabla hawajaifikisha kwenu ikiwa imeongezwa pembe na mkia, bora muisome kutoka kwa mwenyewe. Naandika nimesimama kwenye kaunta ya hoteli yangu. Msiulize kwa nini sijakaa. Mtajua mkifika katikati.

Mnanifahamu, mimi si mtu wa kujisifu (nyamazeni). Lakini ukweli usemwe. Nani alifika Shelui na sufuria moja akaanza kuwakaangia madereva maandazi kando ya barabara? Mimi. Nani leo ana hoteli ya chai yenye mlango wa mbele na wa nyuma? Mimi. Nani ana nyumba ya bati, sakafu ya saruji, na baraza inayong'aa mpaka kuku wanajitazama? Msengi huyu huyu. Darasa la pili, jamani. Na hilo la pili sikulimaliza. Tuliachana mimi na mwalimu, kila mmoja akiwa amemchoka mwenzake.

Kitu kimoja tu kilikuwa kimebaki. Kiti.

Kabla sijaja kwenu Itigi nilifanya kazi Sekenke, kwenye machimbo ya dhahabu, nikisukuma toroli la mawe. Jioni tukitoka shimoni, vumbi mpaka kwenye nyusi, tulipita chini ya nyumba ya Mzungu, bwana mkubwa wa machimbo. Barazani kwake palikuwa na kiti. Si kama hivi vyetu ambavyo mtu anakaa kama anasubiri kuitwa mahakamani. Kile kilikuwa cha kulalia. Mgongo wake umeegemea nyuma kama mtu anayeangalia mawingu. Mikono yake mirefu, mirefu mno, ungedhani seremala alisahau kukata. Na chini ya kila mkono pana ubao wa pili. Ukiuvuta unazunguka, unatokea mbele, mkono unazidi kurefuka. Bwana mkubwa anakaa. Anavuta mbao zake. Anapandisha mguu wa kulia juu ya mkono wa kulia, wa kushoto juu ya wa kushoto, buti zinaelekea machweo, macho yanafumba.

Mimi nasimama na koleo begani. Najiambia: Msengi, dhahabu wachukue wao. Wewe utachukua kiti.

Mpishi wake, mzee ambaye sasa analima mtama kule kule Sekenke, ndiye aliyenipa historia ya kile kiti. Anasema mbao zake ni za msaji kutoka Bara Hindi, mchwa akiuma anavunjika jino. Waingereza walikijulia huko huko, kwenye mashamba ya chai. Jua kali na buti za ngozi vinavimbisha miguu, na mguu uliovimba dawa yake ni kuuinua juu. Basi kila walikokwenda kutawala wakaenda nacho. Hiki chetu kilishuka melini Dar es Salaam, kikapanda treni mpaka hapo kwenu Itigi (huenda baba zenu ndio walikishusha), halafu kikapanda vichwa vya watu mpaka Sekenke. Hebu fikirini. Kiti cha kupumzikia, na wote waliokigusa njiani hakuna aliyepumzika.

Kwenye mkono wa kulia kuna tundu la mviringo. La kuwekea bilauri. Mtu anakunywa bila kuinua mgongo. Nilipoambiwa hivyo mate yalinijaa, na wala si kwa ajili ya kinywaji.

Machimbo yalipofungwa, bwana mkubwa aliondoka na masanduku yake, kiti akamwachia mpishi. Mpishi akakiweka nyuma ya nyumba, kuku wakahamia. Kuku wa Singida mnawajua, hawapangiwi pa kulala. Wakakistarehea miaka yote hiyo kuliko hata mwenyewe aliyekileta. Uhuru ukaja, Azimio likaja, kuku wako pale pale. Mwaka huu baada ya mavuno nikaenda na mbuzi jike mwenye mimba. Mpishi akachukua mbuzi, kuku wakafukuzwa, mimi nikakipandisha kiti juu ya lori la pamba na kuingia nacho Shelui kama mtu anayeleta bibi harusi.

Mbao zilikuwa nzima. Ila pale pa kukalia palikuwa pamesukwa kwa zile fimbo nyembamba za kizungu ambazo mpishi aliziita henzirani, na kuku walikuwa wamezimaliza. Kwetu huku hakuna henzirani. Kuna ng'ombe.

Nikampelekea Ramadhani, jirani yangu. Mchana anaziba pancha za malori, jioni anasuka vitanda vya ngozi, na hakuna kitanda chake kilichowahi kumwangusha mtu. Kazi yenyewe iko hivi. Ngozi mbichi inakatwa mkanda mmoja mrefu, kisu kinazunguka kutoka ukingoni mpaka katikati bila kukatiza. Inasukwa ikiwa imelowa. Halafu inaachwa kivulini ikauke polepole. Ikikauka inajivuta yenyewe mpaka ukiipiga kidole inalia kama ngoma. Ukiikalia kabla ya hapo, inalegea.

Ramadhani alinikabidhi kiti akaniambia, "Bwana Msengi, kikae kivulini. Asikikalie mtu."

"Nimesikia."

"Hata wewe."

"Ramadhani, nimesikia."

Sasa niwaeleze kwa nini leo ilikuwa leo.

Mnajua mke wangu alifariki, na nimekaa peke yangu mpaka hata wateja wameanza kunihurumia. Huko juu Kiomboi kuna mwanamke anaitwa Rahel, mtu mzima mwenzangu, ana cherehani yake na maneno yake. Alishakataa wachumba wawili. Mmoja alisema anaongea kama anahutubia mkutano, wa pili alisema hajawahi kumwona akicheka hata siku ya sikukuu. Mimi aliniangalia, akaangalia maandazi yangu, akasema, "Wewe nitakufikiria." Kwa Rahel hilo ni sawa na kupigiwa ngoma.

Tatizo ni baba yake. Mzee Kitundu ni balozi wa nyumba kumi. Ni mtu wa ujamaa kwelikweli, si wa mdomo. Wa kwanza kufika shamba la kijiji, wa mwisho kutoka, na kwenye mkutano akisimama hata watoto wachanga wananyamaza. Watu wenye roho mbaya walimfikishia kwamba Msengi wa Shelui ni kupe, anauza chai kwa jasho la wenzake. Mzee akasema binti yake haendi kwa mnyonyaji. Halafu, kwa haki yake, akasema hatahukumu kwa kusikia. Atakuja aone nyumba kwa macho yake, yeye na mkewe.

Rahel aliniletea habari hiyo mwenyewe. Akaongeza, "Baba akikataa, sitamrudia kumwomba. Kwa hiyo tengeneza mambo."

Nilitegemea waje wiki ijayo. Jana jioni dereva akaniambia wanakuja leo.

Asubuhi nikatoa kiti nikakiweka katikati ya baraza, penye kuonekana. Ramadhani akaja na tairi mabegani, akasimama.

"Kifiche hicho."

"Kwa nini?"

"Mzee anakuja kutafuta mnyonyaji, wewe unamwekea kiti cha mnyonyaji mlangoni. Si bora uvae kengele kabisa?"

"Ataona jasho langu. Nilisukuma toroli chini ya hicho kiti, leo ni changu. Kama huo si uhuru, ni nini?"

"Na hakijakauka."

"Kinakauka."

"Bwana, kinanuka kama ng'ombe aliyechinjwa jana."

"Kwetu hiyo ndiyo harufu ya mali."

Ramadhani akaondoka akitikisa kichwa, ana lori la watu linamsubiri upande wa pili wa barabara. Mimi nikakitazama kiti. Ngozi ilikuwa imefifia, haina mng'ao. (Hapa ndipo akili ya darasa la pili ilipofanya kazi.) Nikachukua samli, nikaipaka ngozi yote, juu na chini, mpaka ikang'aa kama kiatu cha karani. Halafu nikavaa kaptura yangu mpya ya kaki, ile pana ya kupitisha upepo, maana bwana mkubwa wa Sekenke hakuwahi kukaa pale na suruali ndefu.

Wakafika jua likiwa limepanda. Mzee Kitundu mbele na fimbo yake. Nyuma yake dada yake, shangazi wa Rahel. Nyuma kabisa mama, mkwe wangu mtarajiwa, amejifunika khanga. Na pembeni yao mbwa wa Mzee, dume kubwa la rangi ya vumbi, jina lake Askari.

Kwa wale msio Wanyiramba: kwetu mkwe ni mtu wa kuogopwa. Mimi na mama yule hatutazamani usoni, hatushikani mkono, hatuongei ana kwa ana. Yeye akija huku, mimi naenda kule. Neno likiwapo, linapitia kwa mtu, na leo mtu huyo alikuwa shangazi. Mzee naye unamwamkia, unaongea naye kwa adabu, lakini kumgusa humgusi. Basi mama alipita mbali, akiwa amenipa mgongo, akazunguka nyuma upande wa jikoni kuangalia vyungu. Mimi nikaangalia barabara kana kwamba naitafuta.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, Ndugu Msengi."

Aliposema Ndugu, alilisema kama mtu anayepima shilingi kwa meno.

Akakiona kiti. Akakizunguka. Akakigonga kwa fimbo.

"Hiki ndicho nilichosikia habari zake?"

"Ndicho, mzee. Karibu ukae."

"Mimi? Nikae hapo nionwe na nani?"

Akachukua kigoda, akakaa. Shangazi akakaa kwenye mkeka. Askari akajilaza karibu na nguzo, pua juu.

"Jembe lako liko wapi?" Mzee akauliza.

Nikaingia ndani nikaleta jembe. Akaligeuza mkononi. Lilikuwa bado na rangi ya dukani.

"Hili limelima wapi?"

"Hilo ni la akiba, mzee."

"Na lisilo la akiba?"

Nikasema liko shambani. (Liko kwa Ramadhani. Anaegeshea mlango.) Mzee akaliegemeza ukutani. Shangazi akakohoa. Nikaona akilini Rahel anaondoka na cherehani yake, anapotelea kule juu Kiomboi, na mimi nabaki na wateja wa kunihurumia. Nikajua lazima niseme kitu kikubwa. Nikafungua mdomo, nikasema habari za kiti. Nikamweleza yote. Bara Hindi, meli, treni, vichwa vya watu, bwana mkubwa, mimi na koleo langu. Nikaona jicho la Mzee limesogea. Alikuwa anasikiliza.

"Kwa hiyo ulikuwa ukimtazama tu," akasema.

"Kila jioni, mzee. Na leo hakuna wa kunifukuza barazani."

Akakitazama kiti tena, safari hii polepole, kama fahali anayefikiriwa kununuliwa. Halafu akauliza swali lililoniua.

"Kinakaliwaje?"

Wenzangu, onyo la Ramadhani nililikumbuka. Lilipita kichwani kama lori lisilosimama Shelui. Lakini mtu ameulizwa na mkwe wake.

Nikavuta mbao, kulia na kushoto. Nikaegemea. Raha! Sijawahi. Mgongo wote ukasema asante. Nikapandisha mguu wa kulia. Nikapandisha wa kushoto. Nikafumba macho kama bwana mkubwa, nikasema, "Hivi, mzee."

Kile kikalio hakikukatika. Kingekatika ningeshukuru. Kilinyooka. Polepole, kwa heshima, kama ng'ombe anayelala chini. Nikahisi nashuka. Nikafumbua macho nikaona magoti yangu yako juu ya kichwa changu. Nikashuka tena. Kidevu kikakutana na kifua. Ngozi ikawa mfuko, na mimi nikawa unga ndani yake, miguu miwili ikiwa imeachwa nje kwenye mikono ya kiti, mmoja unaelekea Nzega na mwingine Singida.

Nikajaribu kuinuka. Nikishika mkono wa kiti, samli. Nikishika ukingo wa ngozi, samli. Kila nikijitikisa nazidi kushuka, na ile kaptura ya kupitisha upepo ikaanza kupitisha na mengine.

Mzee Kitundu akatazama bati. Shangazi akatazama bati. Bati lile ni zuri, nililinunua mwenyewe, lakini halijawahi kutazamwa vile.

"Ndivyo kinavyokaliwa mpaka mwisho?" Mzee akauliza, macho juu.

"Karibu na mwisho, mzee."

"Na kuinuka?"

"Kuinuka… nako kuna namna yake."

Nikaona nimefika ukingoni. Nikaita kwa nguvu zangu zote, "Ramadhani!" Ramadhani yuko chini ya lori, hasikii. Aliyesikia ni mtu mwingine. Mama. Huko jikoni akadhani mumewe ameanguka. Akaja mbio, akazunguka kona ya nyumba, na kitu cha kwanza alichokutana nacho ana kwa ana, kabla ya uso wangu ambao hakutakiwa kuuona, ni nyayo zangu. Na nyuma ya nyayo, kaptura.

Akageuka pale pale. Khanga ikapanda juu ya kichwa. Lakini hakuondoka. Akasimama amenipa mgongo. Halafu akaongea, kwa sauti ya upole kabisa.

"Wifi, muulize huyo bwana, ni ugonjwa au ndivyo anavyokaa siku zote?"

Shangazi, macho kwenye bati, akanigeukia kwa bega. "Mama anauliza, ni ugonjwa au ndivyo unavyokaa siku zote?"

"Mwambie mama shikamoo."

"Anasema shikamoo."

"Mwambie marahaba. Lakini hajajibu."

"Anasema marahaba lakini hujajibu."

"Mwambie si ugonjwa. Ndivyo Wazungu walivyokuwa wanakaa."

Shangazi akafikisha. Mama akalipima lile jambo.

"Mwambie ndiyo maana waliondoka."

Mzee Kitundu akapatwa na kikohozi. Akainamisha kichwa, mabega yakawa yanatikisika. Mimi huku chini nilidhani ni hasira.

Ikabaki shida ya kunitoa. Watatu wapo, wote wana nguvu, na hakuna anayeruhusiwa kunishika. Mzee akafikiri, akanyoosha fimbo yake. "Ashike hii nimvute. Fimbo si mkono."

Mama akasikia. "Wifi, mwambie kaka yako fimbo ikiwa mkononi mwake ni mkono wake."

"Basi niiweke chini aiokote mwenyewe," Mzee akasema.

"Halafu ataivuta na nani?" Shangazi akauliza.

"Tufunge kamba kwenye nguzo."

"Nguzo itainuka imvute?"

"Wewe unataka abaki hapo mpaka ujamaa ukamilike?"

Wakaanza kubishana sawasawa. Shangazi anasema mkwe mtarajiwa bado si mkwe, kwa hiyo anashikika. Mama anasema akishikwa leo hatakuwa mkwe kesho, itakuwa mwiko umevunjwa kabla ya ndoa. Mzee anasema kwenye nyumba zake kumi hajawahi kuletewa kesi ya namna hii. Mimi nimekunjwa nasikiliza hatima yangu, miguu imekufa ganzi, na hapo ndipo nikahisi kitu cha moto na cha majimaji chini yangu.

"Mzee," nikasema.

"Subiri, tunazungumza."

"Mzee, Askari."

"Askari ana nini?"

"Yuko chini."

"Chini ya wapi?"

"Chini yangu, mzee."

Alikuwa amenusa samli. Akaanza kulamba. Ngozi ile imesukwa, ina matundu kila mahali, na ulimi wa Askari haukubagua ngozi ya ng'ombe na ngozi ya Msengi. Nitasema nini? Nilicheka. Sikutaka. Mtu akikutekenya pale, hata kama uko msibani, utacheka. Nikawa nacheka na kulia mfuko mmoja, miguu inapiga juu ya zile mbao.

"Wifi," mama akasema, "muulize sasa hivi anacheka nini."

"Mama, ni mbwa," nikajibu moja kwa moja, mwiko wenyewe nimeusahau.

Mzee akapiga fimbo chini. "Askari, toka!" Askari ana adabu, lakini leo alikuwa amekutana na samli na ngozi mbichi mahali pamoja. Akaacha kulamba. Akauma.

Kumbukeni Ramadhani anavyosuka. Mkanda mmoja, mwanzo mpaka mwisho. Askari alikata mahali pamoja tu, na kazi yote ikaachia. Pwaa. Nikapita katikati ya kiti nikafika kwenye saruji kwa makalio. Ile sakafu niliyoisifia, leo nimeijua kwa undani.

Askari akashtuka, akaruka barazani na mkanda mdomoni, akakimbilia barabarani. Upande wa pili wa mkanda ulikuwa bado umezunguka paja langu. Nikainuka mbio. Lakini sikuinuka peke yangu. Kiti kiliinuka na mimi, kimenikaa kiunoni, mikono yake mirefu imetangulia mbele kama pembe za fahali. Mbwa anavuta, mimi nafuata. Tukatoka hivyo, Askari na mimi na kiti cha Bara Hindi, mpaka kandokando ya barabara kuu, penye lori limejaa abiria.

Dereva akazima injini ili asikie vizuri.

Ramadhani akatoka chini ya lori, uso mweusi kwa girisi. Akanitazama kuanzia juu mpaka kwenye kiti.

"Nilikwambia kisikaliwe."

"Sijakikalia," nikamwambia. "Nimekivaa."

Akanivua, Mungu ambariki, yeye si mkwe wa mtu yeyote hapa. Nikarudi barazani nikijifungia kikoi alichonipa, kichwa chini, nikijua kila kitu kimekwisha. Nilishaanza kupanga maneno ya kumpelekea Rahel. Nikamkuta Mzee Kitundu ameegemea nguzo. Balozi wa nyumba kumi, mtu ambaye watoto wachanga wanamnyamazia, machozi yanamtiririka mpaka kwenye ndevu. Anajaribu kuvuta pumzi, inakataa. Shangazi amelala kwenye mkeka kifudifudi, anaupiga ngumi.

"Ndugu Msengi," Mzee akasema alipopata sauti. "Nimehutubia habari za wanyonyaji mpaka koo likakauka. Nimewachora kwa mkaa kwenye ukuta wa ofisi watu wawaelewe. Lakini mnyonyaji anayelambwa na mbwa wangu, huyo sikuwahi kumfikiria."

"Mzee, naomba radhi."

"Radhi ya nini? Walionipa habari zako ni waongo. Kupe hang'oki kirahisi hivyo."

Mama alikuwa bado amesimama pale pale, mgongo kwetu, khanga kichwani. Khanga ilikuwa inatikisika. Akamwita wifi yake, wakanong'ona kwa Kinyiramba, muda. Mimi natazama saruji. Mzee naye ameacha kucheka, anasubiri kama mimi. Ndipo nikaelewa kwamba siku zote tulikuwa tunamwogopa mtu asiyehusika. Neno la mwisho katika nyumba ile linasemwa kwa mgongo.

Shangazi akaja, amejiweka sawa, akasimama mbele yangu kama karani.

"Mama anasema, tangu amzae Rahel hajapata mchumba aliyemwacha na hadithi ya kumpelekea nyumbani. Anasema usiku wa leo—" akageuka, "wifi, nimalizie?" Khanga ikaitikia. "Anasema leo Rahel asimuliwe na yeye kwanza, wewe utamsimulia ukishamwoa. Ila uje nyumbani kuposa rasmi. Uje kwa miguu yako, na ukifika, miguu ikae chini."

Nikaitikia kwa kichwa kama mtoto wa darasa la pili. Mimi. Msengi.

"Mwambie mama…" nikaanza.

"Ameshasikia," shangazi akasema. "Kaa." Halafu akanitazama, akajirekebisha. "Au simama tu."

Basi wamekula kuku wangu, wamekunywa maziwa, wamepanda lori lile lile kurudi Kiomboi, na Mzee amekaa mbele na dereva wakisimuliana, nimewasikia wakicheka mpaka lori likapinda. Kiti kiko kwa Ramadhani. Anakisuka upya, na safari hii amekifungia ndani na funguo anatembea nazo.

Harusi ni kabla mvua hazijaanza, pilau anapika Ramadhani, na nyinyi wa Itigi mmealikwa wote. Ila atakayecheka mbele ya mama mkwe, nitamkalisha karibu na Askari, na samli nitampaka kwa mkono wangu.